Kofia Nne za Mama

Samara, 7 Septemba 2003

Kaka Nurmat,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Oyniso na watoto, na magoti ya Mama yawe yametulia kabla baridi haijaingia. Huku ugenini sisi hatujambo kwa jina tu. Shemeji yako Tolib bado yuko kwenye majengo, anarudi na saruji hadi kwenye nyusi, anakusalimu sana. Zile aprikoti kavu ulizompa Shavkat, kondakta wa treni, zimefika, ingawa naona Shavkat alijilipa nauli humo humo, maana mfuko ulikuwa nusu.

Nimeona niandike, badala ya kwenda posta kupiga simu foleni nzima ikisikiliza. Ni habari ya mdomo wangu. Mwaka wa pili huu ulimi unawaka mchana kutwa. Nikinywa chai nasikia ladha ya sarafu. Midomo inachubuka, shingo imetoka vipele, nyanya siwezi hata kuitazama. Pale kantini wamenitoa kwenye kugawa chakula wakanipeleka kuosha sufuria, eti wateja hawataki supu ya mtu mwenye vidonda mdomoni. Sikuwalaumu. Hata mimi nisingeinywa.

Nikaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja anaitwa Vera. Akatazama kofia zangu nne za meno, zile ulizonivisha kwa arusi, akachukua kichuma chake akakwaruza moja kwa nyuma. Akanipa kioo. Juu njano, chini kijivu, kama sufuria iliyochubuka. Akasema, "Binti, hii si dhahabu. Hiki ni chuma cha pua kilichopakwa rangi. Ndani kina nikeli, na nadhani mwili wako haupatani na nikeli." Nikamwambia kwa ukali kwamba amekosea, aliyezitengeneza ni kaka yangu, fundi wa meno, na dhahabu ilitolewa na mama yetu mbele yangu.

Kaka, ile sarafu ya dhahabu ya mfalme Nikolai, ya babu, iliyoshonwa ndani ya mto wa kulalia miaka yote ile bila hata Baba kuijua. Mama aliuchana mto, akaitoa, akaiweka mkononi mwako, akasema, "Hii ni ya meno ya Mavluda." Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Niambie daktari huyu ni mwongo, nimwache nitafute mwingine. Mama usimwambie kitu.

Mdogo wako,
Mavluda


Istaravshan, 5 Oktoba 2003

Mdogo wangu Mavluda,

Waalaykum salaam. Sisi huku wazima. Oyniso anakusalimu, watoto wanauliza shangazi atarudi lini na zile peremende za karatasi nyekundu. Mama hajambo kabisa. Meno mengine ya juu yalishamwacha, lakini kwa zile kofia zake nne za dhahabu bado anauma tufaha zima barazani kama msichana, halafu anawacheka wenzake wanaokatiwa vipande. Zabibu mwaka huu ni nyingi, bei hakuna. Soko lipo vile vile, wahunzi wa visu wanagonga upande wangu wa kulia, na mimi nasaga meno upande wa kushoto, wateja wanasema hawajui kelele ipi inawaumiza zaidi.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Nimeanza majibu mara nne na yote yalikuwa mazuri kuliko hili, kwa sababu yote yalikuwa uongo.

Daktari wako anajua kazi.

Mwaka ule wa arusi yako vita vya huku nyumbani vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Chumba cha meno cha hospitali kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nasaga kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Akaja mtu kutoka Khujand na kompresa ya hewa na mashine ya kusagia meno, nzima, ya Wajerumani, na hakutaka kitu kingine ila dhahabu. Nikampa sarafu. Nikajiambia chuma kilichopakwa kinadumu, nusu ya wanawake wa soko hili wanacheka kwa chuma changu na hakuna anayeugua. Nikajiambia nikipata nitakubadilishia. Nilijiambia mengi. Mashine ile imetulisha sote miaka minne, imelipia hata nauli yenu ya kwenda huko.

Na kuna jambo ambalo wewe hujaliuliza, lakini ndilo linaloniamsha. Uliyekaa wa kwanza kwenye mashine ile ulikuwa wewe. Meno yako yalikuwa mazima, Mavluda. Manne mazima, meupe, hayana hata doa. Nikayasaga kwa sababu upande wa Tolib waliuliza bibi harusi anakuja na meno mangapi ya dhahabu, na Mama aliona haya kusema hana. Ulishika mkono wa kiti ukaniambia, "Kaka, taratibu."

Sina la kujitetea. Naomba jambo moja tu: Mama asijue.

Kaka yako,
Nurmat


Samara, 20 Novemba 2003

Kaka Nurmat,

Salaam kwako na kwa wote nyumbani. Nasikia huko theluji imewahi, mwambie Mama asitoke kwenda kisimani mwenyewe.

Umekaa na barua yangu siku tisa, nami nimekaa na yako wiki tano, kwa hiyo usinilaumu. Mwanzoni sikutaka kuandika kabisa. Tolib alinikuta nimekaa jikoni na barua, akaisoma, akasema kumbe anaishi na mwanamke mwenye kompresa mdomoni. Nilicheka, kaka, halafu nikalia, halafu nikakuchukia vizuri sana kwa mwezi mzima. Sasa nimechoka.

Vera amezitoa kofia zote nne. Chini yake pembezoni mmeoza, visiki vimebaki vifupi kama punje za mahindi. Amechukua umbo la visiki kwa plasta ya jasi. Nilimwomba anipe moja, nalo liko ndani ya kifurushi hiki, uliweke mezani kwako ulitazame unapokula. Niliomba kwa hasira, na sitaki kulirudisha neno hilo.

Lakini nina habari nzuri, ya kwanza tangu sijui lini. Vera alisema hatagusa chochote mpaka ajue mwili wangu unakataa nini na unakubali nini. Akanipeleka kwa daktari wa ngozi. Wakanibandika viraka mgongoni, safu mbili, kila kiraka na tone la kitu chake: nikeli, kobalti, kromi, shaba, dhahabu, na vingine nimevisahau. Siku tatu sikuoga. Walipobandua, nikeli ilikuwa imetumbuka lengelenge, kobalti na kromi zimewasha nyekundu. Shaba kimya. Na dhahabu, kaka, dhahabu kimya kabisa. Daktari alipapasa pale kwa kidole, ngozi laini kama ya mtoto.

Kauri tupu isiyo na chuma ndani Vera amesema hapana. Wala ile nyeupe ngumu ya zirkonia, inayofika Moscow peke yake siku hizi. Zote zinataka kuta nene na kisiki kirefu cha kushika, na mimi sina kisiki, zitang'oka nikiuma mkate. Dhahabu ndiyo inayoweza kukaa, kwa sababu inakubali kuwa nyembamba na inakumbatia jino. Kwa hiyo angalau kuna kitu kimoja duniani ninachoweza kuvaa. Tutakusanya polepole, mwaka, miaka miwili. Kwa sasa visiki viko wazi, nakula uji na viazi, na ulimi umeanza kupoa. Juzi nimekula nyanya.

Daktari wa ngozi alinitaka nirudi wiki iliyofuata atazame tena mgongo. Sikurudi, kantini hawatoi ruhusa, na mgongo wenyewe haukuwa na neno.

Mdogo wako,
Mavluda


Samara, 2 Desemba 2003

Kaka,

Salaam. Hii ni fupi, Shavkat hayupo, kondakta mwenzake anaondoka leo na nimemkimbilia.

Ile habari ya dhahabu niliyokuandikia, ifute. Ijumaa nilianza kuwashwa mgongoni, mahali pamoja tu. Tolib akatazama, akasema pana uvimbe mwekundu ukubwa wa kifungo cha koti. Nikarudi kwa daktari wa ngozi. Akatoa karatasi yake akalinganisha safu. Ni dhahabu. Akasema dhahabu hujibu kwa kuchelewa, wiki mbili, hata tatu, ndiyo maana alitaka nirudi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo hakuna kitu. Vera amesema tukae tufikiri, na nimemjua, akisema tufikiri huwa hana la kusema.

Kama ulimwambia mtu yeyote kuhusu dhahabu, mwambie alisahau neno hilo. Hakuna haraka, hakuna kilichopotea ila furaha yangu ya siku kumi.

Mavluda


Istaravshan, 10 Desemba 2003

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani, za moto, maana jiko liko nyuma yangu. Barua yako ya tarehe 20 imefika na kifurushi cha plasta. Nimeiweka mezani kama ulivyoniagiza. Sikuweza kula.

Mavluda, ngoja nikueleze jinsi ilivyokuwa, na unisikilize mpaka mwisho.

Barua ilifika mimi nikiwa sokoni. Unajua Mama hasomi tena bila miwani, na miwani ameikalia. Akampa Oyniso amsomee. Na Oyniso, Mungu amsamehe, akisoma hasimami. Akasoma yote, na kompresa, na meno yaliyooza, na dhahabu kimya kabisa. Niliporudi Mama hakunisalimu. Siku tatu alinipikia, akaniwekea chai, hakunitazama usoni. 

Siku ya nne akaja dukani kwa miguu, na magoti yale, kwenye barafu. Kulikuwa na mteja kitini. Akamwambia, "Inuka, mwanangu, mimi nina haraka." Akakaa, akavua shela, akafungua mdomo. Akasema, "Toa."

Nikamwambia, "Mama, utakula nini?"

"Nilipokuwa sina meno mwaka wa kwanza wa maisha yangu nilikula nini?"

"Mama, hizi ni zako. Ulivaa kwa arusi yako."

"Na za kwake uliziweka wapi?"

 Mafundi wa visu walikuwa wameacha kugonga, mtaa mzima unasikiliza. Akasema tena, taratibu, kama anayenionea huruma: "Babu yako alinunua ng'ombe wawili pungufu ili nipate hizi. Ni dhahabu ya sarafu, hazina chuma. Mwanangu anaweza kuvaa dhahabu, ameandika mwenyewe. Toa, au nitatoa kwa koleo la babu yake Oyniso."

Nikazitoa. Chini yake, baada ya miaka arobaini na miwili, hapakuwa na jino la kurudishia kitu. Mizizi ilikuwa inacheza kwenye fizi, kofia ndizo zilizokuwa zinaishikilia. Nikang'oa yote manne siku ile ile. Hakulalamika hata mara moja, alinipiga tu kofi la mkono nilipochelewa.

Kazi niliyofanya baada ya hapo ndiyo kazi bora ya maisha yangu. Nimeyeyusha zote nne pamoja, sikuunga mahali kwa lehemu, kwa sababu lehemu ndiyo hubeba uchafu. Kila kofia nimeimimina nzima, juu ya plasta yako uliyonitumia kwa hasira. Zimekaa kama ngozi. Nyembamba, makali yake yamezama vizuri. Kama ningekuwa nimekufanyia hivi mwaka ule tusingekuwa tunaandikiana barua za namna hii.

Mama anakula mkate uliolowekwa kwenye chai na unga wa matunda makavu ya mti wa tutu. Mashavu yameingia ndani. Lakini anatembea barazani kama aliyeolewa jana, na kila jirani anaambiwa, "Dhahabu yangu imekwenda Samara."

Shavkat anazo kwenye kiberiti kitupu, zimefungwa na pamba. Nimemwambia akizipoteza nitamng'oa meno yake.

Kaka yako,
Nurmat


Samara, 9 Januari 2004

Kaka,

Salaam. Kiberiti kimefika tarehe 23. Barua yako imefika nacho. Nadhani barua yangu ya tarehe 2 nawe umeipata sasa, kwa hiyo unajua ninachojua, na sioni haja ya kukuandikia mara ya pili.

Nilikaa nazo mapajani. Nilizitambua. Ile ndogo ya kushoto ilikuwa na kovu ambalo Mama alipata alipoanguka na ndoo, nikiwa na miaka sita, na sasa umeziyeyusha zote na kovu halipo, lakini nilijiambia ni ile. Nilizinusa. Usinicheke.

Nikazipeleka kwa Vera. Akasema, "Nani ametengeneza hizi?" Nikasema kaka yangu, yule yule. Akazigeuza chini ya taa muda mrefu, akasema huku Samara hamjui mtu anayeweza kumimina hivi. Nikaona ulipaswa kulijua hilo. Kisha akaniambia, "Sitaki kuziweka." Nikamwambia kinywa si mgongo. Nikamwambia kuna watu ngozi inakataa na mdomo unakubali, alisema mwenyewe siku moja. Nikamwambia mama yangu anakula mkate wa kulowekwa. Akaziweka kwa saruji ya muda, ile inayotoka kwa kuvuta tu.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Niliuma mkate, kaka. Niliuma tufaha, nikajitazama kwenye dirisha la basi nikicheka mwenyewe kama mwehu. Ya pili hakuna kitu. Wiki nzima hakuna kitu, nikaanza kuandika barua ya kumwambia Mama. Siku ya tisa ulimi ukaanza. Siku ya kumi na mbili Tolib alinibeba kwa Vera, ulimi umejaa mdomo, pumzi inapita kwa shida. Vera akazivuta zote nne.

Ziko kwenye kikombe cha chai kwenye rafu. Kwangu haziwezi kukaa. Kwa Mama hakuna pa kuzishikiza. Naye Vera anasema visiki vinaoza, itabidi ving'olewe, na bamba la meno ya plastiki atanipimia kwanza mgongoni kabla ya kunipa tumaini. Amesema hivyo kabisa, kabla ya kukupa tumaini.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye fundi.

Mavluda


Istaravshan, 3 Februari 2004

Mdogo wangu,

Salaam. Sote tupo.

Barua yako ya tarehe 2 Desemba ilifika tarehe 16. Siku sita baada ya Shavkat kuondoka na kiberiti. Treni iliyoileta ilikuwa imekwama mpakani kwa theluji. Niliposoma nilifunga duka nikaenda nikakaa kwenye ukuta wa ngome juu, mpaka miguu ikafa ganzi. Safari hii sikumpa Oyniso barua. Niliichoma, nikaichoma na ya Januari.

Unaniuliza kama fundi. Kama fundi sina kitu, Mavluda. Nimesoma kitabu changu cha chuo chote. Kimeandikwa kwamba dhahabu haimdhuru mtu.

Kumvisha Mama meno ya plastiki nimejaribu. Fizi zake ni tambarare, yanaanguka akicheka, ameyatupa kwenye droo. Amekonda. Anasema tumbo halitaki unga wa tutu kila siku, na mimi najua ni mkate anaoutamani. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa kijiji cha juu na bintiye, meno meupe kama theluji, wanataka manne ya njano kwa arusi. Nilikataa. Nilieleza vizuri sana. Wakaenda kwa Hamdam, fundi wa meno wa mtaa wa pili, na jana nimemwona yule binti sokoni akicheka kwa chuma.

Sasa ombi. Mama anauliza kila siku kama zimekukaa. Nimemwambia zimekukaa. Mdomo ulisema wenyewe. Sasa anataka picha. Anasema macho yanaondoka, anataka kukuona unacheka ukiwa nazo kabla hayajaondoka, aiweke kwenye kioo. Nilimwambia picha ni ghali huko, akasema basi atauza chungu kikubwa cha pilau. Jirani wote wanaisubiri picha hiyo.

Sijui naomba nini. Nisamehe hata kwa kuomba.

Kaka yako,
Nurmat


Samara, 11 Machi 2004

Kaka,

Salaam, na Navruz njema kwenu nyote, mwaka mpya uwe wa heri. Mpikieni Mama sumalak laini, ule uji mtamu wa ngano, hauhitaji meno.

Kwenye bahasha mna picha sita. Kofia nimezivaa mara moja tu, nimezishikiza kwa nta ya mshumaa. Jirani yetu ana kamera, alipiga zote asubuhi moja karibu na dirisha. Kila moja nimebadilisha shela, na ya tatu nimevaa koti la Tolib la baridi, na ya nne blauzi ya kiangazi ingawa nyuma yangu unaona theluji, utaikata kwa mkasi. Mpe ya kwanza sasa. Nyingine zifiche dukani, umpe moja moja kila baada ya miezi miwili, mitatu, useme Shavkat ameleta. Ukizipanga vizuri zitatosha mwaka mzima na zaidi. Vera anang'oa visiki Jumatano, kwa hiyo picha nyingine hazitakuwepo.

Midomo ilianza kuvimba nilipofika ya nne. Ndiyo maana katika ya tano na ya sita nimefunika mdomo kwa mkono, kama bibi harusi. Akikuuliza, mwambie bado naona haya.

Mdogo wako,
Mavluda